Saumu ya Mtu wa Juu

Harufu ya majivu yaliyolowa jasho bado hunisimamisha njiani. Juzi nilipita nyuma ya jiko la bweni, mpishi akizoa majivu, vijana wa zamu wakipasua kuni vifua wazi, na kabla sijajua ninafanya nini nilikuwa nimesimama wima, nyayo zinawasha, shingo imenyooka, nangoja kuhesabiwa. Wenzangu wawili waliniuliza kama nimeumwa na siafu. Nikawaambia ndiyo, kwa kuwa maelezo ya kweli yangekuwa marefu, nami nina tabia ya kuyarefusha zaidi. Haya hapa, basi, maelezo yenyewe.

Wakati huo reli ilikuwa imefika Morogoro mwaka mmoja tu kabla, na mji mzima ulikuwa bado unasimamisha kazi kusikiliza gari la moshi likilia kutoka upande wa Kingolwira. Nilikuwa na miaka kumi na miwili au kumi na mitatu. Bibi, mama yake mama, aliyenilea, alihesabu kwa njaa na mafuriko, si kwa miaka. Shuleni tulifundishwa kusoma, hesabu, na mazoezi ya viungo, na kwa Wadachi waliotutawala sidhani kama hili la tatu lilikuwa dogo kuliko yale mawili. Mwalimu wetu wa mazoezi alikuwa Mwalimu Kibwana, mtu wa pwani, mwembamba, masharubu yake ameyasokota yakaelekea juu kama ya Kaisari aliyekuwa kwenye picha ukutani. Kila asubuhi umande haujakauka alitupanga uwanjani, mgongo wetu kwa boma na uso wetu kwa milima, akatufundisha kujenga mnara wa watu. Wanne wenye vifua vipana walisimama chini, wameshikana mabega. Juu yao walipanda wawili. Juu ya wawili hao alipanda mmoja, mguu mmoja kwenye bega la huyu na mguu wa pili kwenye bega la yule, akasimama, akanyoosha mikono, na Mwalimu akahesabu hadi kumi. Ili miguu isiteleze tulijipaka majivu mabegani na nyayoni. Mtu wa juu nilikuwa mimi.

Sina budi kueleza jambo hili lilikuwa na maana gani kwangu, maana kwa anayelisikia leo ni mchezo wa watoto. Nilikuwa mtoto wa hofu. Niliogopa radi, niliogopa mbwa wa karani, niliogopa kuitwa jina langu darasani hata nilipolijua jibu. Nilipolala niliyarudia maneno yote niliyosema mchana, moja moja, nikitafuta lililomuudhi mtu. Ila pale juu, kwa hesabu ile ya kumi, kichwa changu kilinyamaza. Niliyaona mapaa ya makuti yote ya mji, nikauona mto ukishuka kutoka milimani, nikaona moshi wa mashamba ya juu kabisa ambako wajomba zangu walilima, na hapakuwa na kitu hata kimoja cha kuogopa. Kisha ikafika kumi, nikashuka, hofu ikanipokea chini kama yaya anayengoja mtoto. Hesabu ya kumi kila asubuhi: hiyo ndiyo ilikuwa mali yangu yote.

Mguu wangu wa kushoto ulikuwa juu ya Mrisho. Babu yake alikuwa Mnyamwezi mpagazi aliyekuja na misafara, akaoa Morogoro, asirudi kwao. Kwa hiyo Mrisho na mimi Mluguru tulikuwa watani kabla hatujawa marafiki, na hakuna siku aliyonyamaza nikiwa juu yake. "Panda, Mluguru," alikuwa akisema kwa sauti ya chini Mwalimu asisikie. "Milimani kwenu mmezoea kukwea kama nyani. Ila kumbuka, aliye juu mngoje chini, nami ndiye ninayekungoja." Nami nilikuwa nikimjibu kwamba Mnyamwezi akikosa pembe ya kubeba hubeba hata mtu, mradi bega lisikae bure. Hapo alicheka hadi mnara ukatikisika, na sote saba tukapigwa.

Mwezi wa Shaabani ulipokuwa unakwisha, Mwalimu Kibwana alinitazama nikishuka, akanishika pajani kama mtu anayekagua mbuzi. "Unakua wewe," alisema, kwa namna ya mtu anayemwambia mwingine kwamba ameiba. "Sikukuu ya Kaisari bado miezi minne. Bwana Mkubwa wa boma atakuwapo, na wageni wa gari la moshi. Ukizidi hapa ulipo nitamweka Chande." Chande alikuwa mtoto wa seremala, mdogo wetu kwa miaka miwili, miguu kama vijiti vya kuchokolea moto, kamasi haikauki. Alikuwa amekaa ukingoni mwa uwanja akila muwa. Sikumchukia hadi siku ile.

Nyumbani nilichora mstari wa mkaa kwenye mwimo wa mlango wa jiko, sawa na utosi wangu, na kila Ijumaa nikajipima. Urefu sikuweza kuuzuia. Nikawaza kwamba uzito labda ninauweza. Ramadhani ikaingia, nikafunga kama kila mtu, na mwisho wa mwezi nikaona kwamba kidole gumba na cha kati vyakutana nikivizungusha kwenye mkono wangu juu ya kiwiko. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi Idi yenyewe. Basi Mfungo Mosi ulipoanza, nikamwambia Bibi kwamba nataka kufunga zile siku sita za sunna. Bibi aliacha kupepeta mchele, ungo mikononi, akanitazama hadi macho yakamlowa. "Mume wangu huyu!" alisema, ndivyo alivyoniita, kama mabibi wote wanavyowaita wajukuu wao wa kiume. "Wanaume wazima mtaa huu hawazifungi." Siku ya kwanza kusema uongo ni ngumu. Huu haukuwa hata uongo, ulikuwa saumu.

Baada ya sita nikaanza Jumatatu na Alhamisi. Habari zikaenea. Mwalimu wangu wa chuoni, Maalim Zuberi, aliyetufundisha Kurani jioni, alinitaja mbele ya wenzangu kama mfano. Wanawake waliotoka mtoni walimsimamisha Bibi wamwulize alinilisha nini nilipokuwa mchanga. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nami nilivyosifiwa ndivyo nilivyozidisha, nikafika kwenye saumu ya Nabii Daudi, leo nafunga, kesho nafungua, na hiyo kesho ya kufungua nikala nusu nikisema tumbo limezoea. Kila nilipotia nia ya saumu alfajiri, moyo wangu ulisimama kati ya maneno mawili. Nilijua ninafunga kwa ajili ya nani. Nilijiuliza kama Mungu huandika saumu ya namna hiyo upande wa kulia au wa kushoto, au huiacha tu ikingoja, na swali hilo nililizungusha kichwani siku nzima kwa sababu mwenye njaa hana kingine cha kutafuna. Uwanjani magoti yalianza kunilegea. Nilipofika juu, mapaa ya mji yalikuwa na vidoa vyeusi vinavyoelea. Hata hivyo nilisimama, nikanyoosha mikono, na Mwalimu akafika kumi. Chini ya mguu wangu wa kushoto nilianza kusikia mtetemo mdogo. Nikajiambia ni mguu wangu.

Ikaja Idi Kubwa. Siku iliyotangulia nilifunga, na hiyo ni sunna kubwa isiyo na lawama. Asubuhi tukasali, mbuzi akachinjwa, na adhuhuri uani kwetu ilitandikwa mikeka, majirani wakaketi, Maalim Zuberi mwenyewe miongoni mwao, na sinia la pilau likaletwa likitoa moshi wa iliki na mdalasini. Bibi akanikatia pande la paja, akanisogezea. Nami, ambaye kwa miezi mitatu nilikuwa nikitoa jibu moja kwa kila chakula, nikafungua mdomo na jibu lile likatoka lenyewe.

"Nimefunga, Bibi."

Mikono yote ilisimama kwenye sinia. Nilijua kosa langu kabla neno halijaisha. Hakuna mtoto wa chuoni asiyejua kwamba siku ya Idi kufunga ni haramu, wala hakuna mcha Mungu duniani awezaye kusahau. Mtu mmoja alicheka, akidhani ni mzaha, kisha akaacha. Maalim Zuberi hakupandisha sauti. Alijipangusa vidole polepole, akasema, "Siku zile nyingine sikuuliza. Leo nauliza. Leo, mwanangu, unamfungia nani?"

Ningeweza kusema nimepitiwa. Niliyatafuta maneno hayo nikayapata, ila yalipofika kwenye meno niliona uso wa Bibi, nao ulikuwa umekwisha kuelewa kitu, ingawa hakikuwa kitu kamili. Nikanyoosha mkono, nikala. Nilikula kama mtu aliyefukuzwa na simba, wali ukinimwagikia kifuani, mafuta hadi kwenye kiwiko, na sikuacha hadi nilipolamba vidole. Wageni walipoondoka Bibi aliniambia jambo moja tu. "Mimi nimekuringia mji mzima, mume wangu. Sasa nitapita wapi?" Wiki ile alikwenda mtoni jua linapochwa, wanawake wenzake wakiwa wamekwisha rudi.

Hapo ndipo ningepaswa kukoma, na msomaji mwenye busara angekoma. Mimi nilijiambia kwamba nimeaibika kiasi hiki kwa ajili ya ule mnara, kwa hiyo sasa ni lazima nibaki juu yake, la sivyo aibu yote itakuwa ya bure. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nilikula tena, kwa kuwa Bibi alikaa mbele yangu nikila, na mwili uliokuwa umengoja miezi mitatu ulikunywa chakula kama ardhi ya kiangazi. Siku ya kumi vidole vyangu havikukutana tena. Siku ya kumi na moja tulipanda mnara, na safari hii mtetemo wa kushoto haukuwa mdogo, wala Mrisho hakutania. Alikaa kimya tangu moja hadi kumi. Ukimya wake ulinitisha kuliko yote.

Mchana wa siku hiyo tulikwenda kuoga mtoni, na Mrisho akaingia majini na kaniki yake begani kama mzee. Nilimrushia maji, hakurudisha. Nikaishika ile kaniki nikaivuta. Bega lake la kulia lilikuwa limevimba na kuwa jeusi, na juu yake palikuwa na mabaki ya majani yaliyopondwa, ya kijani, yamekaukia kwenye ngozi.

"Tangu lini?" nilimwuliza.

"Tangu lini nini? Nipe nguo yangu, Mluguru, nyuma yangu wanapita wasichana."

"Mrisho. Tangu lini?"

"Tangu Mfungo Mosi." Akaichukua kaniki. "Unakua kwa mifupa, rafiki yangu, siyo kwa nyama. Ungefunga hadi kiama, mifupa ingekuwa ile ile."

"Mbona hukusema?"

Alinitazama kama nimemtukania wazazi. "Babu yangu alibeba pembe kutoka Tabora hadi baharini. Mnyamwezi hatui mzigo kabla ya kambi. Nikaseme kwa Mwalimu kwamba nimeshindwa na Mluguru mmoja mwenye njaa?"

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilikuwa nimeisikia methali hiyo mara mia, na mara zote nilidhani inawahusu watu wabaya. Nilikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Mwalimu Kibwana, maji yakinidondoka, kwa sababu nilijijua: nikikaa chini kufikiri ningepata sababu ya kungoja hadi kesho, na kesho ningepata nyingine. Alikuwa kibarazani akisokota masharubu kwa nta. Nilimwamkia, nikasema siwezi tena kuwa mtu wa juu, ni mzito, na bega la Mrisho limeharibika. Hakunisifu kwa ukweli wangu. Alinipiga kofi lililonizungusha, akasema, "Siku kumi na tatu! Zimebaki siku kumi na tatu ndiyo unakuja kuniambia wewe ni mzito?" Kisha akampeleka Mrisho kwa mkandaji, akambadilisha upande ili abebe kwa bega zima, na kwangu akatoa hukumu. Chini sikufaa, mbavu zangu zilikuwa zinahesabika. Juu sikufaa. Ningemfundisha Chande.

Nilimfundisha. Ningependa kuandika kwamba nilimfundisha vizuri. Nilimwonyesha namna ya kupanda kwa kukanyaga paja kwanza, kisha nyonga, kisha bega. Namna ya kupaka majivu mengi kisigino na machache vidoleni. Namna ya kupumua nje wakati wa kuinuka. Kitu kimoja sikumwambia. Ukifika juu usitazame watu, wala mnara, wala mikono yako. Lazima ukazie macho kitu kisichotembea, nami nilikuwa nikikazia bonde dogo kwenye ukingo wa mlima, kushoto kwa kilele cha Bondwa. Macho yakikaa pale miguu hukaa. Bila hilo mwili wote hutafuta usawa kama mlevi. Kila siku nilijiambia nitamwambia kesho, na kila siku nilimwona akiyumba pale juu, nikasikia utamu mdogo, mbaya, kama wa kubonyeza jipu. Nilikuwa na hoja zangu. Mimi nililigundua mwenyewe, mbona naye asiligundue? Nilizihesabu hoja hizo kitandani na hazikunipa usingizi.

Asubuhi ya sikukuu ya Kaisari mji ulijaa. Bendera zilifungwa kuanzia stesheni hadi boma, askari wamevaa vifungo vinavyong'aa, wageni wamekaa kwenye viti kivulini, na hewa ilinuka vitumbua na baruti ya mizinga ya salamu. Nilikuwa nimesimama na watu, mahali pa mtu yeyote. Bwana Mkubwa akaketi. Niliona kwa macho ya moyo Chande akitazama ule umati, akiyumba, na mara hii Mrisho hangeachia, angeshika hata kwa bega lile bovu, kwa sababu mzigo hautuliwi kabla ya kambi. Nikakimbia. Niliwapita akina mama, nikapita chini ya mkono wa askari aliyenitukana, nikafika nyuma ya boma walikokuwa wamejipanga saba, weupe kwa majivu. Mwalimu Kibwana alikuwa amewapa mgongo. Nikamshika Chande mkononi.

"Ukifika juu tazama mlima," nilisema, pumzi hazitoshi. "Kushoto kwa Bondwa kuna bonde. Usitazame watu. Usitazame kitu kingine."

Chande alifuta kamasi kwa kiganja. "Najua, kaka," alisema. "Mrisho alishaniambia. Tangu siku ya pili."

Nilimgeukia Mrisho. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonichoma. "Miezi yote nilikuwa chini yako," alisema. "Mtu akiwa chini huona kidevu chako kinaelekea wapi. Nilingoja umwambie mwenyewe. Umekuja, ila umechelewa, Mluguru. Sasa toka, utatupigisha."

Nilitoka. Mnara ukapanda, wanne, wawili, mmoja, na Chande akanyoosha vijiti vyake vya mikono, macho yake yakiwa mbali juu ya vichwa vya wageni, na nikahesabu pamoja na Mwalimu hadi kumi. Watu walipiga kelele. Nami nilipiga, kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka, nikaona nina machozi, na hadi leo sijaamua yalikuwa ya nini. Sikupanda tena mnara wowote. Walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na kweli mwaka uliofuata nilitangulia darasani, mwingine nikachaguliwa kuja kusoma pwani. Watu wakaona nimepata kitu kingine cha kunipandisha. Mimi niliona nimeongeza tu watu walio chini.

Sasa masomo yamekwisha na ninangoja barua ya kupangiwa shule ya kufundisha. Wenzangu wanafurahi. Mimi nakaa na kupima, kama kawaida yangu, wakati ule na huu. Zamani nilipozidi uzito mguu wangu uliniambia, hata nilipokataa kuusikiliza. Bega lilikuwa pale pale chini ya unyayo. Miaka minne hii Bibi amelima peke yake ili mimi nikae darasani, naye yuko mbali, hana bega ninaloweza kulikanyaga nikalisikia likitetemeka. Nina barua zake tu. Hajui kuandika, anayemwandikia ni Mrisho, ambaye siku hizi hupakia kuni za gari la moshi kati ya Mikese na nyumbani. Barua zote zina maneno yale yale: Bibi hajambo, shamba halijambo, usituhofie, soma. Nimezisoma hadi karatasi zimechanika kwenye mikunjo, na kila ninapomaliza nakumbuka aliyeziandika ni nani, na jinsi anavyojua kunyamaza tangu moja hadi kumi.

Jana nilimwomba mkuu wa bweni ruhusa ya siku nne. Aliniuliza nyumbani kuna msiba gani. Nikasema hakuna msiba, barua zasema hawajambo. Akaniuliza kama najua kwamba barua ya kazi ikifika nami sipo, nafasi atapewa mwingine. Nilimwambia najua, na kweli nilikuwa nimelifikiria hilo usiku na mchana. Alinitazama sana, kisha akaandika siku mbili. Gari la moshi laondoka kesho asubuhi. Sitamwuliza Bibi kama hajambo, kwa sababu atajibu. Nitakwenda naye mtoni, nisimame kando, nimtazame akijitwisha mtungi.